Gurudumu la Kaboni Nililolikata kwa Musumeno

Wajukuu zangu, wale wa damu na wale munaoniita bibi kwa heshima tu: kazi nimeiacha, na wengi munasema mugongo ndio umenishinda. Mugongo wangu hauna neno. Ningali ninabeba ndoo ya maji kutoka chemchemi bila kutua njiani. Niliacha kwa sababu ya gurudumu moja jeusi la gari ya mbio, na kwa sababu ya mujukuu wangu Zaituni, ambaye walitaka kumupandisha juu ya gurudumu lile siku ya harusi yake. Nitawaeleza. Lakini nitaeleza kwa njia yangu, na mwenye haraka aende, barabara iko wazi.

Masomo sina mengi. Nilijua kusoma na kuandika, halafu baba akasema inatosha, muhogo haulimwi kwa kalamu. Basi musinitafutie makosa ya herufi. Nitafutieni makosa ya magurudumu, mukiyapata.

Hapa Kasongo wananiita Mama Reyo. Reyo ni zile nyuzi za chuma zinazoshikanisha kitovu cha gurudumu na janti, ile duara ya nje inayovaa mupira. Jina hilo walinipa kwa kunicheka. Mwanamuke amefunga kitambaa kichwani, amekaa chini barabarani na kle mukononi, ndiyo spana, grisi mpaka kwenye kiwiko! Wanaume walikuwa wanapita makusudi kuniangalia. Mumoja akasema, "Mama, nyumbani chungu kinaungua." Nikamwambia, "Chungu changu kiko na mutu wa kukiangalia. Gurudumu lako je?" Akatazama chini, akakuta linacheza kama jino la mutoto. Akaliacha kwangu siku ileile.

Aliyenifundisha ni Muzee Kalume, kaka wa marehemu mume wangu. Macho yake yalikuwa mabovu, ndiyo maana alitengeneza kwa masikio. Alilaza kinga kichwa chini, kinga ndiyo ile wengine wanaita baiskeli, akalizungusha gurudumu polepole na kugonga reyo moja moja kwa ukucha. Reyo iliyokazwa vizuri inalia tin. Iliyolegea inajibu kama mutu aliyeamshwa usingizini. Alikuwa ananiambia, "Shemeji, usilitazame sana. Rangi ni ya kuuzia. Lisikilize."

Wakati ule wa vita kamio, yale malori, hazikuwa zinafika. Mawese, chumvi, sabuni, vyote vilitembea juu ya kinga. Wanaume walikuwa wanasukuma mizigo mpaka Kindu, mpaka Kalemie, fimbo imefungwa kwenye usukani, bidoni za mawese huku na huku, na mutu katikati kama mbuzi kati ya tembo wawili. Gurudumu likivunjika porini, hapakuwa na wa kukuokoa. Kwa hiyo Muzee Kalume hakuwa anasema "nadhani liko sawa." Alisema liko sawa ao alisema haliendi. Ukigombana naye, anachukua kahawa yake na kukugeuzia kisogo.

Tuliona mambo. Kuna bwana mumoja kutoka Wamaza, breki zake zilikuwa zinapiga kelele kila akizishika. Kelele zikamuchosha. Akachukua mawese, akapaka janti zote mbili vizuri, mbele na nyuma, kama anayemupaka mutoto mafuta ya kwenda kusali. Kelele ikaisha kabisa. Na breki ikaisha. Akashuka mulima na mizigo yake yote akaenda kusimama ndani ya muto Luama. Alirudi kwetu amelowana, amekasirika. "Muzee, hii kinga ina shetani." Muzee Kalume akalamba kidole, akagusa janti, akaonja. "Shetani wako anakula mawese?"

Munacheka. Lakini mutaona kwamba mawese yatarudi katika maneno haya, na pale hamutacheka.

Halafu zikaja moto, zile pikipiki, na moto zikaleta janti za aliminyo, zile za kipande kimoja bila reyo. Vijana wakanijia wakifurahi, "Mama Reyo, kazi yako imekufa!" Haikufa. Barabara ya Kabambare haijui aliminyo ni nini, inapiga tu. Janti zilikuja zimebonyea kama sufuria ya mulevi. Tukajifunza upya. Unaweka makala, makaa yanayowaka, si mengi. Unapaka sabuni pale palipobonyea. Sabuni ikigeuka kahawia, unatoa haraka na kupiga kwa nyundo ya muti juu ya gogo. Nyundo ya chuma, hapana. Ukingoja sabuni iwe nyeusi kabisa, umeipika, imekuwa kitu cha kuvunjika. Na hata ukifanya vizuri, janti ya aliminyo inakubali kunyooshwa mara moja. Ukiirudisha kwenye moto tena, utaona nyufa nyembamba kama nywele pembeni ya tundu za bulo, zile bolti zinazoshika janti, na kule kwenye bulo ndiko kifo kinakaa.

Hapo lazima niwaambie sheria ya kazi yetu, maana bila hiyo hamutaelewa lililotokea. Muzee Kalume aliwahi kuweka janti iliyokufa juu ya paa la kibanda, aitumie kubana mabati wakati wa upepo. Mutu akaiiba. Akaipiga rangi ya fedha, akaiuza kwa muchimbaji mumoja aliyekuwa anakwenda Salamabila. Tulijua iko wapi siku walipomuleta yule muchimbaji juu ya machela, bega limetoka mahali pake. Tangu hapo Muzee akasema: janti iliyokufa inakatwa. Inakatwa mbele ya mwenyewe, na mwenyewe anaondoka na vipande vyake. Usimwonee huruma, usimwachie "ya akiba". Nimekata za maskini na nimekata za askari. Askari alinitukana mpaka mate yakamukauka, na niliikata.

Sasa hii kaboni. Musinidhanie niliota ndoto. Niliijua kabla ya Saidi, mwenye gari ile, kwa sababu ya muzungu mumoja aliyepita hapa na kinga, akitoka Kalemie, mwembamba, amechomwa na jua kama kamba. Alikuwa na Kiswahili cha Tanzania, kile cha kusema naomba kila mara. Magurudumu yake yalikuwa meusi, mepesi. La mbele lilipiga jiwe kwenye muteremuko. Mimi nilitazama, sikuona kitu. Yeye akanyoosha mukono, "Naomba sarafu, mama." Sarafu! Hapa kwetu tunatumia noti tu. Nikamutafutia likuta ya zamani, ile ya enzi za Zaire niliyokuwa nafungulia mikebe ya grisi. Akaanza kugonga janti kidogo kidogo, sikio karibu. Ti, ti, ti, ti. Halafu, pu. Akarudia. Pale pale, pu. Kama unagonga ukuta wa udongo pale mchwa wamekula ndani.

Akalivunja lile gurudumu kwa jiwe, mbele yangu. Nikapiga kelele, "Mbona unaliua?" Akasema, "Naomba usikasirike. Nikiliacha, mutu ataliokota." Nikacheka mpaka nikalia, kwa sababu ni kama Muzee Kalume amefufuka na ngozi nyeupe.

Nikamufungia gurudumu la chuma, reyo nene, na huku nafanya kazi nikawa namuuliza. Akaniambia: kaboni ni nyuzi zilizosukwa na kushikwa na gundi iliyokauka. Nguvu yake ni ile gundi kushika nyuzi. Isafishe kwa maji na sabuni, si petroli. Ukitoa mupira, funga vyuma vyako kwa kitambaa, usiikwaruze. Bulo zikazwe kwa kipimo, si kwa kupanda juu ya kle na kuruka kama tunavyofanya hapa. Ikipigwa, igonge yote, hata kama inang'aa. Na moto, kamwe. Gundi ikiungua, nyuzi zinabaki peke yao.

Ndiyo elimu yangu yote ya kaboni. Ilinitosha.

Saidi ni kaka mukubwa wa Amuri, na Amuri ndiye aliyemuoa Zaituni. Saidi ananunua zahabu kule Salamabila. Si mutu mubaya, nalisema mapema ili musije mukasema bibi ana kinyongo. Akiniona njiani alikuwa anashuka kwenye moto kunisalimia. Lakini zahabu ikimwendea mutu vizuri, anaanza kununua vitu ambavyo barabara zetu hazijaviomba. Akanunua gari ya mbio. Nyekundu, viti viwili, tumbo linalamba udongo. Ilikuja juu ya kamio kutoka Uvira wakati wa kiangazi, imefungwa kamba kila upande kama mbuzi wa sikukuu. Hapa mujini ilikuwa inatembea kutoka soko mpaka barabara ya kiwanja cha ndege, kule udongo umeshindiliwa, na mbele yake vijana wanakimbia na mbao za kutandika juu ya mifereji. Gari ya kukimbia, inatanguliwa na watu wa muguu!

Magurudumu yake yalikuwa ya kaboni. Saidi alikuwa anayasifu kuliko gari yenyewe. "Bibi, hii si chuma. Ndege zinatengenezwa na hii. Haipindi kamwe." Neno hilo lilikuwa kweli, na ndilo tatizo lake. Chuma kikiumia kinapinda, unakiona. Aliminyo inabonyea, unaitia kidole. Kaboni ikiumia inanyamaza.

Juma la harusi, shofere wa Saidi akaniletea gurudumu moja la mbele. "Bibi, upepo unatoka. Liangalie tu upepo, tunalitaka kesho asubuhi." Lilikuwa linang'aa ajabu. Nikafunga vyuma vyangu kwa vipande vya shambreri, ule mupira wa ndani, nikatoa mupira, nikaosha janti kwa sabuni. Maji yakawa mekundu. Mawese. Walikuwa wamelipaka mawese ling'ae. Na mawese yalipoondoka, harufu ikabaki, harufu ya kole iliyoungua, ile gundi aliyonieleza muzungu.

Nikamuita shofere. "Mulilifanya nini hili?"

"Hakuna kitu, bibi."

"Mwanangu, nimezika watu waongo kuliko weye. Mulilifanya nini?"

Akajikuna shingo. "Liligonga ukingo wa mufereji. Kidogo tu. Kwenye garaji wakasema limetoka kwenye duara, wakaweka makala."

"Makala!"

"Kidogo tu, bibi. Na nyundo ya muti, kama aliminyo. Walipaka hata sabuni."

Nyinyi munaosoma, oneni. Hawakuwa wajinga wale. Walifanya kazi ya kwetu, ile niliyowafundisha wengine kwa mikono hii, sabuni na nyundo ya muti. Ila waliifanya juu ya kitu ambacho si cha kwetu. Nikachukua ile likuta, nikagonga. Ti, ti, ti. Nikafika upande uliokaa juu ya makala. Pu. Pu. Pu. Upana wa kiganja changu chote, na ukipita hapo, ti tena.

Nikamwambia shofere, "Nenda kwa Saidi. Mwambie limekufa."

Akaenda akicheka. Akarudi na Saidi, na nyuma ya Saidi mutoto wangu Ramazani, baba yake Zaituni, amevaa kanzu mupya ya kupokelea wageni, uso umemukauka.

"Shikamoo bibi," Saidi akasema. "Wananiambia unaua vitu vyangu."

"Marahaba. Sikukiua mimi. Nimekikuta maiti."

Akainama, akalizungusha. "Nionyeshe ufa."

"Ufa sina. Nina mulio." Nikamugongea. Akasikiliza, nusu ya dakika, akanyanyuka.

"Mulio! Mbele ya watu wazima, bibi, unanipa mulio! Miye naona janti nzima, inang'aa, haina hata alama."

"Inang'aa mawese."

Watu walikuwa wamekwisha kujaa. Wauza mikate, watu wa moto, wanawake wanaotoka kisimani. Saidi akapunguza sauti, na nitamupa haki yake, aliongea vizuri. Akasema kesho atamupakia Zaituni ndani ya ile gari, yeye mwenyewe ataendesha, ataipeleka kwenye barabara ya kiwanja cha ndege aikimbize kidogo, watu warekodi na simu, familia yake yote ya Salamabila na Bukavu ione. "Nitaendesha mwenyewe, bibi. Miye pia nina shingo."

"Shingo yako ni yako. Ya Zaituni sikukupa."

"Kesho itakuwa ya kwetu."

"Kesho. Leo ingali ya kwangu."

Wanawake wakacheka. Hilo likamuchoma. Nikamuuliza, "Utaendesha polepole? Polepole ya mutu anayebeba mayai?"

"Bibi, gari ya mbio kwenda polepole, ni ya kazi gani?"

"Basi liache hapa mpaka harusi ipite."

"Na gari isimame na magurudumu matatu? Nitalipeleka garaji, walitie kole, walipige rangi. Shofere, chukua."

Nikakaa juu yake. Ndiyo, nikalilaza chini nikalikalia, nikatandaza kitenge changu pembeni, kama mutu anayengoja chai. Shofere akasimama. Hakuna mwanaume wa Kasongo atakayemunyanyua bibi ya watu mbele ya soko. Ramazani akanijia, akachuchumaa, akaniongelesha kwa sauti ya chini kama nilivyokuwa namuongelesha yeye alipokuwa na homa.

"Mama, tafazali. Wakwe wamefika. Wanakula kwangu. Unaniua, mama."

"Sijakugusa."

"Watasema tuko watu wa fujo. Watamurudisha mutoto."

"Wakimurudisha muzima, nitampokea."

Akaona hawezi, akamutuma mutu amwite Zaituni mwenyewe. Akaja na hina mikononi bado haijakauka, mikono ameinyoosha mbele asiguse kitu, machozi yanashuka na hawezi kuyafuta. Nilitaka kumufuta mimi. Lakini ningenyanyuka wangelichukua.

"Bibi, amuka."

"Siamuki."

"Wasichana wote wa kartie watakuwa nje na simu zao. Unataka nipite na muguu?"

"Nataka upite."

"Unanionea wivu! Weye uliolewa ukitembea, unataka kila mutu atembee!"

Neno hilo lilinifika, sikatai. Niliolewa nikitembea kweli, na viatu nilivishika mukononi visichafuke. Nilikuwa naona mbali kidogo: harusi ikiisha, mimi nitanyanyuka, nitakwenda kusali, nitakwenda kulala. Na gurudumu lile litaondoka pale, litatiwa kole na rangi. Kama si Zaituni kesho, ni dada wa mutu keshokutwa. Kulikalia haitoshi. Nikanyoosha mukono kwenye sanduku, nikatoa musumeno.

Musikate kaboni kavukavu, wajukuu. Vumbi lake linachoma kifua na linaingia ngozini kama miba midogo. Nikajifunga kitenge puani, nikamimina maji ya sabuni juu ya janti, nikaanza pale palipolia pu. Saidi mwanzoni hakuamini. Alidhani natisha tu. Alipoona maji meusi yanatiririka akapiga yowe, Ramazani akapiga yowe, shofere akashika kichwa. "Kamateni huyu muzee!" Saidi akaamuru. Hakuna aliyekamata. Mutu mwenye musumeno unaotembea hakaribiwi ovyo. Jambo lile lilichukua muda, hakika. Kaboni si siagi. Nilipumzika mara kwa mara na hakuna aliyenisaidia wala aliyenizuia, walikuwa wamesimama tu, kama watu wanaotazama nyumba ikiungua upande wa pili wa muto.

Likakatika. Nikasimama, nikamupa Saidi vipande vyake mikononi, kama sheria inavyosema.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapogeuza maneno yangu. Wengine wanasimulia kwamba ndani palikuwa pameoza, kila mutu akaona, Saidi akanyamaza. Uongo. Ndani hapakuwa na kitu cha kuonyesha. Weusi juu ya weusi. Saidi aliutazama mukato, akautazama tena, akaniambia, "Liko wapi hilo pu lako, bibi?" Watu wakaguna. Hata wale wanawake waliomucheka mwanzoni walinyanyua ndoo zao wakaenda.

Nililikata na ningelikata tena.

Zaituni aliolewa kesho yake. Amuri alikuja kumuchukua na moto yake mwenyewe, wamefunga riboni kwenye usukani. Alipita mbele yangu, akainamisha kichwa. Zaituni alikaa nyuma kwa upande, uso umefunikwa. Wageni walidhani ni haya ya bi harusi. Alikuwa analia kwa hasira. Wakaenda taratibu, vigelegele nyuma yao, na wakafika.

Baada ya hapo wakaniita kwa shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa wetu. Wazee wamekaa kwenye viti, Saidi ameleta vile vipande vyake ndani ya gunia. Shefu akasema niombe musamaha mbele ya wazee, niseme nilikosea, shetani alinipitia, uzee umenichanganya, na mambo yataisha. Akaniambia kabisa maneno ya kusema, masikini, alikuwa ananitakia mema. La sivyo, meza yangu iondoke barabarani.

Nikasema, "Kuhusu kupiga kelele mbele ya wakwe, naomba musamaha. Kuhusu kumulizisha bi harusi, naomba musamaha. Kuhusu gurudumu, hapana."

"Gurudumu ndilo kesi, Mama Reyo."

"Basi meza itaondoka."

Na iliondoka. Muzee Kalume alikaa pale, mimi nikakaa baada yake, na sasa pale anakaa mutu wa kuuza vocha za simu. Gari ya Saidi iko ndani ya uwanja wake chini ya hema, kuku wanataga chini yake. Ramazani alikaa mwezi mzima akinisalimia kama anayesalimia askari wa barabarani. Wako watu humu kartie mpaka leo wanaosema nilivunja mali ya mutu kwa kiburi, na siwezi kuwaonyesha chochote. Gari ambayo haikupinduka, utaionyesha wapi? Shingo ambayo haikuvunjika, utaipeleka mbele ya shefu ndani ya gunia gani?

Mukiingia katika kazi hii, ao kazi yoyote ya kushika kitu kinachobeba watu, jueni hilo kabla ya kununua kle ya kwanza. Ukilitengeneza vizuri, hakuna kitu kitakachotokea, na hakuna atakayekuja kukushukuru kwa ajili ya kitu kisichotokea. Watakuja tu siku ulipokataa. Watakuambia ni kipya, kinatoka mbali, ndege zinatengenezwa nacho. Watakuambia wageni wamefika. Watamuleta mutu unayempenda alie mbele yako na hina mikononi. Osha kwanza. Gonga. Sikiliza. Kama limekufa, sema limekufa, na usiseme kwa sauti ndogo.

Zaituni anaishi Salamabila na mume wake. Tangu harusi alikuwa ananisalimia tu, shikamoo bibi, marahaba, basi. Sikukuu zimepita hivyo. Juzi nilikuwa nachambua mchele kwenye baraza, nikasikia moto inasimama. Ni yeye, ameendesha mwenyewe kutoka kule, vumbi mpaka kwenye nyusi, mutoto amefungwa mugongoni. Hakusalimia. Alishusha muguu, akazima moteri.

"La nyuma, bibi."

Niliinama. Nilichukua muda wangu, nikalizungusha, nikalipitia lote, nikarudi nikalipitia tena.

"Nani alilifunga hili?"

"Makanika wa kule. Anasema iko sawa kabisa."

"Na weye unasema nini?"

"Miye nimekuja hapa."

"Haliendi," nikamwambia. "Hurudi leo."

"Bibi, Amuri ananingoja. Nyumba imejaa wageni wa Saidi, nilitoka mara moja tu."

"Wangoje."

Alimufungua mutoto, akamulaza juu ya mukeka, akaja kulishika gurudumu kwa upande wa pili.